Punje Mia za Mama

Getini wananiita Bi Hapana. Hawaniiti hivyo mbele yangu, wana adabu zao. Wanasubiri nigeuze mgongo, kisha mmoja anauliza, "Bi Hapana kaamkaje leo?" na mwenzake anajibu, "Kaamka na nuksi zake kama kawaida." Nimezoea. Mimi ndiye ninayepima mtama kabla haujaingia ghalani, na kazi hiyo haikuletei marafiki.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ya kitoto. Nachoma gunia kwa bambo, punje zinateremka ndani ya chuma mpaka kiganjani. Nachoma magunia kumi, ya juu, ya chini na ya katikati, nachanganya, nahesabu punje mia moja, nazimwaga kwenye sahani nyeupe. Juu yake namimina dawa ya klorini, nduguye ile inayong'arisha mashuka, halafu nasubiri dakika ishirini. Dawa inakula ganda la nje. Mtama mtamu unabaki mweupe. Mtama mchungu unageuka mweusi tititi, hata kama ulipokuwa guniani ulikuwa mweupe kama meno ya mtoto. Uchungu unakaa chini ya ganda na jicho haliuoni. Nimepima miaka saba na mpaka leo siwezi kuutambua kwa kutazama. Kiwanda chetu kinasaga unga wa uji wa watoto, na mtoto akionja uchungu mara moja hafungui tena mdomo. Kwa hiyo sheria ni moja tu: punje nyeusi zikizidi tano kwa mia, lori linageuza.

Siku ninayoisimulia, lori la kwanza lilikuwa la mama yangu.

Nilijua linakuja. Nilikuwa nimelisubiri wiki mbili nzima kwa furaha ambayo nikiikumbuka sasa natamani ardhi inimeze. Kwetu watu walikuwa wanalima mahindi, na misimu mitatu mfululizo mahindi yaliwakaukia yakiwa yamefika kiunoni. Mama peke yake hakuwahi kuacha mtama. Alikuwa na shamba lake dogo nyuma ya nyumba, na jua likichoma kila kitu, yeye alivuna. Mimi na mdomo wangu ndio tulioenda likizo mwaka jana tukawaambia majirani: kiwanda kinatafuta mtama mweupe, na mbegu mnayo, iko kwa mama, mnangoja nini? Nikaupima palepale jikoni. Nilichota gao la mtama kwenye chungu cha mama, nikaliweka kwenye bakuli, nikamimina dawa niliyoibeba mkobani. Punje zote zikabaki nyeupe. Majirani wakashika vichwa kama nimefanya mazingaombwe, na mimi nikavimba kichwa.

Familia ishirini na tatu ziliacha mahindi. Mama aliwagawia mbegu vibaba viwiliviwili, bure, mlangoni kwake. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Mbegu, na nadhani alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Lori liliingia saa mbili asubuhi. Kaka yangu alikuwa juu ya magunia, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa mbele kwa dereva, amevaa kitenge alichovaa kwenye harusi yangu, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi, kama mtu anayekwenda kumwona mzazi hospitalini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Hawakulishi hapa?"

"Mama, niko kazini."

"Kwani kazini watu hawali?"

"Mama, mwache Bi Hapana afanye kazi yake," kaka akasema kutoka juu, na watu wa getini wakaangua kicheko. Kumbe jina lilishafika nyumbani.

Mama alikifungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na masuke sita ya mtama, manene, yamejaa, hakuna hata pengo moja, kila moja limefungwa uzi mwekundu shingoni. "Nimemletea mkubwa wako," alisema. "Asione unga tu. Aone na mwenye unga."

Niliyaweka mezani kwangu, karibu na sahani.

Mlinzi alimtafutia mama benchi kwenye kivuli cha ghala, akakaa akitazamana na dirisha langu. Uwanja wetu hauishi kumwagika nafaka, kwa hiyo una shomoro wengi kuliko wafanyakazi. Mama hakuwa ameketi vizuri alipoanza kupiga makofi. "Shii! Shii! Tokeni!"

"Mama, hao waache," mlinzi akamwambia. "Ni wafanyakazi wenzetu."

"Ndege mfanyakazi nimewahi kumwona wapi?" mama akajibu. "Wiki sita nzima nimekaa juu ya dungu nawafukuza kwa kupiga debe. Tangu jua halijachomoza. Mkono huu hapa mpaka leo haufiki kichwani." Na akaunyanyua kumwonyesha, na kweli uliishia begani.

Nilikuwa nimeshamwambia msimamizi kwamba huo ni mzigo wa mama yangu. Sikutaka aje asikie kwa watu. Huyu tunamwita Koti, kwa sababu hata joto likiwa la kuyeyusha lami yeye havui koti. Si mtu mbaya. Alisema, "Basi nitasimama na wewe," akasimama. Nusu ya punje alizitia kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri, ziende maabara ya makao makuu kama sheria inavyotaka. Naeleza haya ili mtu asije akaniuliza kwa nini sikufumba macho. Hapakuwa na pa kufumbia.

Nikahesabu mia moja. Nikamimina dawa. Nikatazama saa ya ukutani.

Dakika tano za kwanza hakuna kilichotokea, na nilikuwa nachungulia dirishani, mama akimweleza mlinzi jambo kwa mikono miwili. Dakika ya saba niliona punje moja imekuwa ya kahawia. Nikajiambia, moja si kitu, kila shamba lina moja yake. Dakika ya tisa zilikuwa nne, na ile ya kwanza ilishakuwa nyeusi. Dakika ya kumi na moja niliacha kuhesabu. Zilikuwa zinageuka moja baada ya moja, bila haraka, na mimi nimeshika ukingo wa meza. Ukiona maziwa yanachemka unaepua sufuria. Hapa hapakuwa na cha kuepua.

"Thelathini na moja," Koti akasema zilipotimia dakika ishirini.

"Nimekosea kuchoma. Nitarudia."

Nikapanda mwenyewe juu ya lori, nikachoma magunia mengine kumi, ya chini kabisa, nikitokwa jasho, kaka akiniuliza kulikoni na mimi simjibu. Thelathini na nne. Nikarudia mara ya tatu. Dawa nilifungua chupa mpya, nikiomba ile ya zamani iwe imeharibika. Ishirini na tisa.

Mama alikuja dirishani. "Bado tu? Au mnaupika?"

"Bado kidogo, mama."

"Haya. Mimi sina haraka. Dereva ndiye mwenye haraka, lakini nimemnunulia chai."

Koti alisubiri arudi kwenye benchi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ingekuwa sita ningepitisha. Saba ningefumba jicho moja. Thelathini, dada yangu, sina macho ya kutosha."

Nilitoka nikamvuta kaka pembeni, nyuma ya mizani. Nikamwuliza kama magunia yana alama, lipi la nani. Labda familia kumi zina mtama mzuri, tuokoe hao kumi. Kaka alinitazama kama aliyeanza kuelewa.

"Hayana alama. Tulimwaga wote kwenye turubai moja, tukauchanganya kwa sepetu siku nzima."

"Nani aliwaambia mchanganye?"

"Mama. Alisema asiwepo wa kutamba wala wa kuona haya. Wote tupimwe kama nyumba moja."

Nikashindwa hata kukasirika. Ndivyo alivyotulea, chakula sinia moja.

Nikaenda kukaa na mama kwenye benchi. Alinisogezea nafasi na kunifuta klorini iliyonirukia mkononi kwa ncha ya kitenge chake, akifikiri ni maji. Nikamwuliza kama mtu anayepiga soga, "Mama, hii mbegu unaichaguaje?"

Uso ukamng'aa. Naona hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Tangu baba yenu atutoke nachagua mwenyewe," alisema. "Mavuno yakifika siruhusu mtu kuingia na kisu kabla yangu. Napita mstari kwa mstari. Suke lililodonolewa na ndege naliacha, hilo ni la kula. Hayo nayapura kwanza, hayakai. Lakini suke ambalo ndege hajaligusa, limejaa lote, zima, hilo nalifunga uzi mwekundu. Hilo ndilo mbegu. Nalitundika darini juu ya moshi mpaka msimu mwingine. Sasa utapandaje lililoshindwa na ndege, ukaacha lililowashinda?"

"Na ule mtama wa bibi? Ule mchungu, wa mpakani?"

"Upo. Nitautoa kwa nini? Ule ndio ukuta wangu. Ndege akitua pale anaonja, anatema, anarudi kwao."

Alicheka. Mimi nilikuwa naitazama mikono yake. Mtama mchungu mpakani, mtama mtamu katikati, na upepo kati yao msimu baada ya msimu, ukibeba vumbi la maua kutoka huku kwenda kule. Yakazaliwa masuke meupe yenye uchungu ndani. Ndege waliyaonja wakayaacha, wakala matamu. Na mama nyuma yao, na uzi wake mwekundu, akayafunga yale waliyoyaacha, moja baada ya jingine, akayatunza kama mboni ya jicho. Miaka tisa, tangu baba atutoke. Kadiri alivyochagua kwa uangalifu ndivyo alivyozidi kuchagua uchungu. Mvivu angechota tu kiholela, na leo lori lingekuwa limeingia.

Na mimi, mtaalamu wa bambo, niliyevimba kichwa, nilipima nini jikoni kwake? Chungu cha kula. Masuke yaliyodonolewa. Mbegu ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa changu, kwenye moshi, na sikunyoosha hata mkono.

"Mama," nikasema. "Mtama una uchungu. Hawataupokea."

"Nani kauonja?"

"Tumeupima kwa dawa. Mara tatu."

"Nimeuliza nani kauonja." Akainuka, akaenda mpaka kwenye lori, kwenye gunia nililolichoma. Tobo la bambo lilikuwa linavuja punje chache chini. Akakinga kiganja, akatia punje moja mdomoni, akaitafuna taratibu kwa meno ya mbele. "Tamu." Akatia ya pili. "Tamu hii. Wewe, njoo uonje." Akatia ya tatu.

Taya lake likasimama. Nilimwona. Mtu yeyote angetema. Mama aliimeza.

"Haina neno," alisema.

Nilimshika bega nikamweleza, kwa sababu nisingemweleza mimi angeelezwa na mtu mwingine kwa maneno mabaya zaidi. Nilimweleza habari ya ukuta wa bibi na upepo. Nilipofika kwenye habari ya ndege nilikuwa nazungumza huku natazama tairi la lori. "Waliyaacha kwa sababu ni machungu, mama. Si kwa sababu yaliwashinda."

Kaka alikuja akasimama karibu, kofia mkononi. Nyuma yetu lori la pili lilishaanza kupiga honi.

"Kwa hiyo ni mbegu," mama akasema mwishowe. "Si shamba la mtu."

"Ni mbegu."

"Niliyowapa mimi."

"Niliyowaambia mimi waichukue," nikasema, na nilitaka sana alishike hilo, anigombeze, anipige hata kofi mbele ya geti zima. Hakulishika.

"Nyumba ishirini na tatu," alisema. "Na mahindi waliacha. Wako barabarani sasa hivi wanatusubiri. Watoto wamewekwa juu ya mti waangalie lori. Nitashuka niwaambieje?"

Miaka saba nina jibu moja tu kwa kila anayekuja na mtama wake, na siku hiyo hata hilo halikufaa. Nilimwuliza Koti kama naweza kwenda nao nyumbani, siku moja tu, nisimame mbele ya watu niseme kosa ni langu. Alitazama malori matatu yaliyopanga foleni, akatazama viatu vyake. Hakuwa na mpimaji mwingine. Nikamwuliza kama kiwanda kinaweza kuupokea kwa kazi nyingine yoyote, chakula cha kuku hata. Akatikisa kichwa. Nikauliza kama makao makuu wanaweza kupima tena. "Wataona thelathini hizohizo," alisema, na nilijua. Nilikuwa nauliza tu kwa sababu kunyamaza kulinishinda.

Mama alikuja mezani kwangu mwenyewe. Sahani tatu zilikuwa bado pale, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzimwaga. Aliinama akazitazama zote, mikono nyuma, kama alivyokuwa akitazama madaftari yetu ya shule ambayo hakuweza kuyasoma. Kisha akayachukua masuke yake sita. Alijaribu kufungua uzi wa la kwanza, akaacha. Akayafunga tena kwenye kitambaa, vilevile, fundo juu ya fundo.

"Kula, mwanangu," aliniambia. "Umekonda." Akaenda kupanda lori.

Kaka alinipa mkono bila neno, yeye ambaye hakosi mzaha hata msibani. Dereva akarudi nyuma, akakata kona. Pale lori liliposimama palibaki fungu dogo la mtama, uliovuja kwenye matobo niliyoyatoboa mwenyewe mara tatu. Ulikuwa mweupe mzuri, unang'aa juani.

Mama alikuwa amekaa upande wa dirisha. Nilimwona anauona, na nilimwona anaunyanyua ule mkono wake mbovu, kwa mazoea tu, kuwafukuza ndege. Shomoro walikuwa wamejaa uwanjani. Walikuwa chini ya lori la pili, chini ya la tatu, kwenye nyufa za mizani, wanadonoa na kusukumana. Kwenye fungu letu hapakuwa na hata mmoja. Mmoja alirukaruka akafika, akaonja, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mkono wa mama ulibaki hewani. Halafu akaushusha mapajani, juu ya kitambaa, lori likatoka.

Nikapiga kelele getini walete lori la pili. Sauti ilitoka kali kama siku zote, na nikasikia mtu nyuma yangu akicheka kwamba Bi Hapana leo kakataa hadi mama yake. Nikachukua bambo, nikaanza kuhesabu mia moja.